Kutu Inakula Saba: Kiswahili cha Gereji na Ukimya wa Wasomi

Makala haya hayakuanzia maktabani. Yalianzia barabarani, usiku, katika mwezi wa Desemba uliopita, nilipokuwa nikiendesha pikapu kuukuu ya mjomba wangu kutoka Machakos kuja Nairobi. Taa kubwa ya upande wa kulia ilikuwa imezima siku mbili kabla, nami kwa ujuba wa ujana nikajiambia kwamba jicho moja latosha. Tulipokwisha kuipita njia panda ya Kyumvi, lori moja lililokuwa likija lilichomoka nyuma ya lori jingine ili kulipita. Dereva wake aliona taa moja tu, tena iliyo pembeni kabisa mwa barabara, akakata shauri kwamba anayekuja ni mwendesha pikipiki ambaye angejibanza kando. Nilijibanza kweli. Magurudumu mawili yalikuwa kwenye changarawe lori lilipopita, na kioo cha pembeni cha mjomba kikang'oka kikabaki kwenye lami.

Ikumbukwe kwamba sisi tunaendesha upande wa kushoto. Taa ya kulia basi ndiyo iliyo karibu na katikati ya barabara, nayo ndiyo inayomwonyesha anayekuja mahali upana wa gari unapokoma. Ikizima hiyo, gari zima hugeuka pikipiki machoni pa mwenzako. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inadai taa ziwe timamu, lakini wengi wetu tumezoea kuiwaza sheria hiyo kama suala la askari na faini. Usiku ule niliielewa kwa njia nyingine.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikuwa nimezembea. Wiki moja kabla ya safari nilikuwa nimeipeleka pikapu katika gereji moja, ambayo sitaitaja. Walibadilisha globu, taa ikawaka siku mbili, ikazima. Nikarudi. Wakabadilisha globu mara ya pili, na safari hii wakatoa fyuzi ya bluu ya ampea 15 wakatia ya kijani ya ampea 30, "ili isisumbue tena." Ikawaka hadi nikafika Machakos. Nililipia globu mbili na fyuzi moja, na kwa malipo hayo nikapewa ajali ambayo kwa rehema za Mungu haikutimia.

Baada ya tukio hilo rafiki yangu alinielekeza kwa fundi mmoja mzee katika vichochoro vilivyo nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wakazi wengi wa Nairobi wangali wanaiita Grogan. Nilikaa naye kutwa nzima. Nilikwenda kutengeneza taa, nikarudi na swali ambalo limeninyima usingizi kuliko tasnifu yangu ya uzamili. Naomba niwaeleze kwanza yaliyotendeka, kwa kuwa hoja yangu imo ndani ya matendo yenyewe.

Fundi hakuigusa globu. Aliniuliza: "Imezima moja ama zote mbili?" Nilipomjibu kuwa ni moja, alitikisa kichwa kama hakimu aliyekwisha kusikia ushahidi nusu. Taa zote mbili zikizima kwa pamoja, alieleza, mtu hutafuta mahali zinaposhirikiana: swichi, rilei, fyuzi kuu. Zikififia zote mbili, hutazama betri na altaneta. Ikizima moja, hitilafu iko upande wake, baina ya mahali njia zinapoachana na mahali zinapokoma. Swali la pili ndilo lililonistaajabisha. "Imekufa," aliuliza, "ama inasinzia?"

Sikujua tofauti. Kwangu mimi taa ambayo haimuliki ni taa iliyozima. Akaniamuru niwashe, akakinga kioo cha taa kwa kiganja chake, akaniita nichungulie. Ndani ya globu, uzi wake ulikuwa unang'aa rangi nyekundu iliyofifia, kama kaa la sigara. Taa haikuwa imekufa. Ilikuwa inasinzia. Na katika msamiati wa mzee yule maneno hayo mawili ni maradhi mawili tofauti. Iliyokufa ama imeungua uzi, ama imenyimwa stima kabisa. Inayosinzia ina uzi mzima, ina stima, ila kuna kitu njiani kinachoipunja. Kuna pia inayopepesa, yaani inayowaka na kufifia gari linapotikisika, na hiyo ina kiungo kilicholegea. Na kuna indiketa inayokonyeza haraka haraka kuliko kawaida: hiyo inakuarifu kwamba globu moja ya upande huo imeungua, kwa sababu kidude kinachoikatiza stima katika magari ya zamani hupiga kwa kasi mzigo ukipungua. Maneno manne, vitenzi vya kila siku ambavyo hata mtoto wa chekechea anavijua, na kila kimoja kinakutuma mahali pake.

Mwanagenzi wake, kijana wa yapata miaka 19 ambaye gereji nzima inamwita spana boi, alipewa kazi ya kupima. Chombo chake cha kwanza kilikuwa testa: globu ndogo ndani ya mpini, yenye sindano upande mmoja na waya wenye kibanio upande wa pili. Alibana kibanio kwenye hasi ya betri, akachoma sindano kwenye mguu wa tundu la globu unaoleta stima. Testa ikawaka vizuri. "Stima inafika," akasema. Kisha akahamisha kibanio hadi kwenye chanya, akaugusa mguu wa ethi. Testa ikawaka pia, ila kwa unyonge kidogo. Mimi, kwa haraka yangu, nikadhani tumekwama. Mzee akacheka. Globu ya testa ni ndogo, alisema, haiombi stima nyingi. Kiungo kibovu kinaweza kuitosheleza, kama vile kijito kinavyoweza kumtosheleza mbuzi na kisimtosheleze tembo. Globu ya taa kubwa ni tembo. Uzi wake wa kumulika mbali ni wa wati 60 na ule wa kumulika karibu ni wa wati 55, na katika gari la volti 12 kila mmoja unahitaji takriban ampea 5.

Ndipo ikaletwa mita. Taa ikawashwa, tena hilo ndilo sharti, kwani kiungo kibovu hakijulikani mpaka kibebeshwe mzigo wake halisi. Betri yenyewe ilikuwa na volti 12.4. Baina ya chanya ya betri na mguu wa globu unaoleta stima, mita ilisoma 0.3 tu. Kijana akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mguu wa ethi wa globu ile ile. Ikasoma 7. Mzee hakuhitaji karatasi. "Taa inakula tano," alisema, "kutu inakula saba."

Nimeisoma mihadhara mingi ya isimu na fasihi katika chuo hiki, lakini sikumbuki sentensi iliyonifungua macho kama hiyo. Volti 12 zinatoka kwenye betri kwenda kazini. Zote lazima ziliwe njiani. Iwapo waya na viungo ni safi, taa ndiyo inayozila karibu zote. Iwapo kuna kutu, kutu nayo hukaa mezani. Mwanga wa globu za aina hii huporomoka upesi kuliko volti zenyewe: zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa kiasi cha asilimia 30. Taa yangu ilibakiwa na chini ya nusu ya chakula chake. Si ajabu kwamba dereva wa lori hakuiona.

Kijana akakumbuka jambo jingine, akawasha indiketa ya kulia. Kila indiketa ilipokonyeza, ule uzi mwekundu wa taa kubwa nao ulitikisika. Taa mbili zisizohusiana zikianza kusemezana namna hiyo, alinifafanulia, ujue zimefungwa kwenye ethi moja na ethi hiyo ni mbovu. Stima ikikosa njia yake ya kurudia hupenya katika njia ya jirani. Basi wakaifuata. Nyuma ya taa, waya mweusi ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye bati la bodi, na pale palikuwa na kutu juu ya kutu. Kichwa cha pete cha waya kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Kila mara mafundi wa gereji ile ya kwanza walipoitoa globu na kuitia nyingine, waliutikisa waya huo, kiungo kikashika kwa siku moja mbili, nao wakaamini kwamba globu yao ndiyo iliyofanya kazi. Globu zote mbili walizozitupa huenda zilikuwa nzima.

Matengenezo yenyewe hayakuchukua hata nusu saa. Bolti ilifunguliwa, bati likasuguliwa kwa msasa mpaka likang'aa, sehemu ya waya iliyoliwa ikakatwa, kichwa kipya kikabanwa kwenye shaba safi, kikakazwa, kisha kikapakwa grisi ili maji yasipate mwanya. Fyuzi ya ampea 30 ikatolewa, ya 15 ikarudishwa. Kwa hilo mzee alikasirika waziwazi. Fyuzi, alisema, imewekwa iwe dhaifu kuliko waya makusudi, ili ife yenyewe waya upone. Ukiweka yenye nguvu kuliko waya umeuambia waya ufe badala yake, na waya haufi kimya, huwaka. Fyuzi inayoungua kila mara inasema kuna shoti, pengine mahali waya unapopita kwenye ukingo wa bati na kuchubuka ngozi. Dawa yake ni kuitafuta shoti, si kuinyamazisha fyuzi. Mwishowe globu ikarudishwa mahali pake, ikiwa imeshikwa kwa kitambaa safi kwa sababu mafuta ya kidole huifanya globu ya namna hii ipate joto mahali pamoja na kupasuka mapema. Mita ikawekwa tena pale iliposoma 7. Ikasoma 0.1.

Sasa nije kwenye dukuduku langu.

Wakati wa chakula cha mchana nilimwuliza yule kijana kama ana cheti. Akaniambia alikuwa ameketi mtihani wa ufundi katika chuo kimoja, akashindwa katika karatasi ya maandishi. Mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Swali mojawapo lilimtaka aeleze sababu mbili za kushuka kwa volti katika sakiti ya taa. Aliliacha wazi. Asubuhi ile ile alikuwa ameniona mimi, mwenye shahada, nikibabaika mbele ya hitilafu hiyo, naye akaigundua, akaipima, akaiondoa. Alichokosa ni daraja kati ya maneno ya karatasi na maneno aliyofundishiwa kazi. Mtu anaweza kusema kwamba dawa ni kumfundisha Kiingereza zaidi. Sikatai kwamba kingemfaa. Lakini Katiba ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Siwezi kulitazama pengo hilo na kusema si shamba langu.

Tena ni shamba letu kwa njia ya aibu. Nilipojaribu kumsaidia, nilitafuta istilahi. Nikaunda papo hapo "mpoteo wa volti", nikafurahia ngeli na viambishi vyake. Kijana aliirudia mara mbili kwa heshima, kisha akaniuliza: "Kwani zimepotea, mwalimu? Si tumeona zimeliwa?" Nilinyamaza. Alikuwa amenihakiki kuliko msimamizi wangu wa tasnifu. Neno langu linasema kwamba volti hazipo, likaishia hapo. Kitenzi chake kiko katika kauli ya kutendwa, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kauli ya kutendwa humwita mtendaji: zimeliwa na nini? Swali hilo ndilo linalomwongoza fundi mpaka kwenye bolti yenye kutu. Sarufi ya sentensi yake ni ramani ya kazi yake. Istilahi yangu ni safi, na haimpeleki mtu popote.

Nitatoa mfano wa pili, kwani huu unagusa tabia yetu ya kutafsiri neno kwa neno. Gereji nzima husema ethi. Mwenye kupenda usafi wa lugha atakimbilia kusema "ardhi", kwa kuwa ndivyo neno la Kiingereza linavyomaanisha. Lakini gari limekaa juu ya mpira. Taa zake hazina shughuli yoyote na ardhi. Kinachoitwa ethi katika gari ni bodi ya bati, ambayo mafundi wa magari hutumia kama waya mkubwa wa pamoja wa kuirudisha stima kwenye betri. Anayefundishwa "ardhi" ataitafuta chini. Anayefundishwa "ethi" ana neno tupu la kukopa ambalo mwalimu anaweza kulijaza maana sahihi. Mzee yule alilijaza kwa maneno matano: "Stima lazima irudi nyumbani kwake." Aliongeza kwamba katika baadhi ya magari ya Kijapani swichi ya taa kubwa hukatiza njia hiyo ya kurudi, si ya kwenda, na anayepima bila kulijua hilo atadanganywa na testa yake mwenyewe. Nchi iliyojaa magari yaliyotumika Japani haina budi kuwa na njia ya kulieleza jambo hilo kwa lugha inayoeleweka.

Na hili neno stima lenyewe! Wenzetu wa Tanzania hutucheka kwa kulitumia badala ya umeme. Lilitujia na meli za mvuke, likashuka bandarini, likapanda bara hadi likaacha kuwa meli na kuwa nguvu inayowasha taa. Sijui kwa nini tunaona haya kuhusu safari nzuri namna hiyo. Nilipokwenda Mombasa mwezi wa Aprili nilimsikia fundi wa Kisauni akisema "moto haufiki" pale ambapo wa Nairobi husema "stima haifiki". Umeme, stima, moto: mwandishi wa kamusi ya ufundi angehitaji yote matatu, pamoja na maelezo ya ni nani anayesema lipi, na wapi.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, maana nimeisikia katika semina zetu. Lugha ya gereji, husemwa, ni Sheng na Kiingereza kilichovunjwa, upatanisho wa kisarufi umelala chali, "waya imekatika", "hii mataa haiwaki." Ni kweli, na sitaki kujifanya kwamba sikuyasikia hayo. Nami nimeyanyoosha katika makala haya, kama mhariri yeyote angefanya. Lakini kunyoosha upatanisho wa ngeli ni kazi ya dakika moja. Kuunda kitenzi ambacho kinamwongoza mtu gizani hadi kwenye hitilafu ni kazi ya vizazi vya mafundi, na hatuna haki ya kukitupa kitenzi kwa sababu kimekuja kimevaa ngeli isiyokuwa yake. Tungemwona mpumbavu fundi ambaye angetupa taa nzima kwa sababu ya bolti moja yenye kutu. Nasi je?

Wala sisemi kwamba uundaji wa istilahi hauna maana. Tangu ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, kazi ya kusanifisha imetupatia lugha ya shule, ya magazeti na ya mahakama, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981 imo mikononi mwangu karibu kila siku. Ninacholalamikia ni mwelekeo wa mjadala wetu. Tumetumia miaka mingi tukibishana kama tuseme kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Kama simu ya mkononi iitwe rununu au la. Mabishano hayo yote yanahusu jina la kitu. Mimi nimekaa gerejini kutwa nzima nikagundua kwamba majina hayakumpa mtu shida: fyuzi ni fyuzi, rilei ni rilei, globu wengine huiita balbu na hakuna aliyekufa kwa hilo. Ujuzi ulikuwa katika vitenzi, na vitenzi hivyo vilikuwa vya Kiswahili tangu hapo. Kufa, kusinzia, kupepesa, kukonyeza, kula, kurudi. Hatukuhitaji kuviunda. Tulihitaji kuwapo viliposemwa.

Nikiwa mwanafunzi wa fasihi, nitaulizwa haya yananihusu nini. Yananihusu kwa sababu ya Ahmed Sheikh Nabhany. Mshairi huyo wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, anakumbukwa na wengi kwa maneno aliyoyapendekeza. Mimi namkumbuka kwanza kwa utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, ambao unaeleza jinsi chombo cha baharini cha Lamu kinavyoundwa na kutayarishwa kwa safari. Na mnazi nao aliufanyia vivyo hivyo katika Umbuji wa Mnazi. Sisi huzisoma kazi hizo darasani kama hazina ya pwani, tukahesabu mizani, tukapita. Hatujiulizi mtunzi alifanya nini kabla ya kushika kalamu. Maneno ya mafundi wa majahazi yalikuwa hai vinywani mwa watu wenye misumeno mikononi, naye akaona kwamba yanastahili ushairi kabla ya kutoweka pamoja na wenyewe. Mrithi wa kazi hiyo leo hangehitaji kwenda Lamu. Angepanda matatu mpaka Kirinyaga, au Kariobangi, akakaa juu ya tairi kuukuu.

Chama chetu hufanya safari ya kila mwaka, na kila mwaka huwa ni pwani: ngome, misikiti mikongwe, makumbusho, picha nyingi, tende. Sina ugomvi na tende. Ila ningependekeza kwamba mwaka huu nusu ya bajeti hiyo itumike hapa hapa mjini. Kila mwanachama achague karakana moja, awe ni fundi wa taa za magari, wa redio, wa cherehani au wa mabomba, akae naye siku tano. Asirudi na orodha ya maneno. Orodha tunazo na zinakauka makabatini. Arudi na sentensi nzima, zilizosemwa mtu alipokuwa akitafuta hitilafu, pamoja na maelezo ya kilichokuwa mkononi mwake alipozisema. Kisha wahadhiri wetu wa isimu watusaidie kuzipanga, na wenzetu wa Kitivo cha Uhandisi waseme kama maelezo ni sahihi. Jarida hili lina kurasa za kutosha kuzichapisha. Iwapo siku moja chuo cha ufundi kitataka kutunga mtihani wa Kiswahili, kiwe na mahali pa kuanzia, na kijana kama yule asiliache tena swali wazi kwa jambo analoliweza akiwa amefumba macho.

Nilimlipa mzee shilingi 500. Alikataa kuongezwa, akasema kazi ilikuwa ya msasa tu. Mjomba hajanisamehe bado kwa kioo chake cha pembeni. Na juzi amenipigia simu kunilalamikia kwamba sasa taa za nyuma zimeanza vituko: akikanyaga breki usiku, indiketa ya kushoto inang'aa kidogo bila kuwashwa, na taa ya breki ya upande huo inasinzia. Nimemwambia ailete Jumamosi. Nadhani najua ni nini, lakini nitamwacha yule kijana aseme kwanza, na safari hii nitakwenda na daftari.